Hosteli ya wanafunzi isiyokula umeme nyanda za juu kusini: mwongozo kamili wa kuisanifu, hatua kwa hatua

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: hosteli mpya imekamilika Mbeya, Iringa au Njombe, taa zote ni LED, paneli za sola zipo juu ya bati, lakini LUKU inaisha upesi kama zamani na wanafunzi wanalala na makoti. Wengine wamejenga jengo la pili na kosa likajirudia.

Nimeingia kwenye majengo kadhaa ya namna hiyo, na karibu yote yana chanzo kimoja. Ramani ilichorwa kwa hali ya hewa ya pwani, ikaletwa huku bila kubadilishwa. Ramani ya pwani inapambana na joto la mchana. Huku kwetu, kati ya mita 1,500 na 2,000 kutoka usawa wa bahari, kinachokula umeme ni baridi ya usiku na maji ya kuoga.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni hosteli ya wanafunzi 200: vyumba 50, wanne kila chumba, ghorofa mbili au tatu. Kama yako ni ndogo au kubwa zaidi, gawanya au zidisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuchora mstari wa kwanza

- Takwimu za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) za kituo kilicho karibu nawe: joto la chini la usiku kuanzia Juni hadi Agosti, mwelekeo wa upepo, miezi ya mawingu.
- Risiti za LUKU au bili za TANESCO za miezi 12 za hosteli mliyonayo sasa.
- Ramani ya kiwanja yenye mistari ya mwinuko, na dira. Dira ya simu inatosha kwa kuanzia, ila simama mbali na gari na nondo.
- Vipimajoto vinne vyenye kumbukumbu, vinavyorekodi wenyewe usiku kucha.
- Msanifu majengo na mkadiriaji majenzi waliosajiliwa AQRB (bodi ya usajili wa wasanifu na wakadiriaji majenzi), na mhandisi aliyesajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi). Wote wawepo tangu kikao cha kwanza. Mhandisi wa maji na umeme akiitwa baada ya ramani kupitishwa, hatua ya 8, ya maji moto, imekwisha kuharibika.
- Vibali: halmashauri, Zimamoto, NEMC (mazingira), OSHA (usalama na afya kazini).

Vifaa vya kuweka kwenye makadirio mapema, kwa sababu ndivyo hufutwa bajeti ikibana: pamba ya nyuzi za kioo ya kuzuia joto juu ya silingi, mipira ya kuziba fremu za madirisha na milango, hita za maji za jua na matangi yake, mipira ya kufunika mabomba ya maji moto, na mita ndogo za umeme kwa kila ghorofa.

## Hatua ya 1: Jua umeme unakwenda wapi

Hatua hii inahitaji kalamu na karatasi tu, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Anza na maji. Mwanafunzi mmoja anaoga ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Tuseme maji ya bomba asubuhi ya Julai yana nyuzijoto 15, na ya kuogea yanatakiwa 40. Kupandisha lita 20 kwa nyuzi 25 kunakula uniti 0.58 za umeme. Mara wanafunzi 200, ni uniti 117 kwa siku.

Sasa taa. Vyumba 50, kila kimoja taa mbili za wati 9 kwa saa tano, na taa 40 za korido, ngazi na vyoo kwa saa 12: jumla ni uniti 9. Kompyuta za mapajani na simu za wanafunzi wote ni uniti 33 hivi.

Jumla uniti 159. Maji ya kuoga peke yake yamechukua karibu robo tatu.

Kwa bei ya shilingi 350 kwa uniti (weka bei iliyo kwenye risiti yako), maji hayo ni shilingi 40,950 kwa siku, zaidi ya milioni 1.2 kwa mwezi. Taa ni shilingi 3,150 kwa siku. Ndiyo maana waliobadilisha taa wakategemea muujiza hawakuuona. Taa za LED ni lazima, lakini mzigo haukuwa hapo.

Tahadhari. Usiandike kwenye hesabu yako kwamba "wanafunzi wetu wanaogea maji baridi". Hawaogei. Jengo lisipowapa maji moto watachemsha wenyewe chumbani, kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, iliyochomekwa kwenye waya uliounganishwa kutoka kitanda hadi kitanda. Umeme utatumika uleule, mahali pa hatari kuliko pote ndani ya jengo, na mtalipa bado.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi moja inayoonyesha uniti za maji, taa, vifaa na jiko, na jumla yake haipishani sana na bili ya hosteli ya zamani. Ikipishana mno, kuna mzigo hujauona. Mara nyingi ni hizo hita za ndoo.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pa jengo ndani ya kiwanja

Hewa baridi ni nzito. Usiku huteremka mlimani na kutuama bondeni. Wakulima wa chai Mufindi na wa viazi Njombe wanalijua jambo hili vizuri. Kabla ya kuweka vigingi, muulize mwenyeji anayelima karibu na chuo: majani ya viazi huungua kwa baridi sehemu gani? Hapo usijenge bweni. Panafaa kwa uwanja wa mpira.

Tafuta sehemu ya katikati ya mteremko inayotazama kaskazini, isiyofunikwa na kivuli cha mlima au cha jengo jingine kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri mwezi Juni. Kama kuna miti upande wa kusini na kusini-mashariki, iache. Ni kinga ya upepo uliyopewa bure.

## Hatua ya 3: Laza jengo mashariki–magharibi, vyumba vitazame kaskazini

Tuko kusini mwa ikweta, Iringa kwa digrii 8 hivi, Mbeya na Njombe kwa digrii 9. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua linakuwa upande wa kaskazini, kama digrii 58 juu ya upeo wa macho. Desemba limehamia kusini, juu zaidi, karibu digrii 75. Oktoba, kipindi cha joto letu, linapita utosini.

Maana yake kwa jengo ni kubwa. Dirisha linalotazama kaskazini linapata jua wakati wa baridi, wakati unalitaka, na kulikwepa wakati wa joto. Dirisha la kusini Juni halipati jua hata dakika moja. La magharibi linachoma Oktoba alasiri, mwanafunzi akiwa amerudi kupumzika.

Kwa hiyo upande mrefu wa jengo uelekee kaskazini. Ukikosea kwa digrii 15 hivi kwa ajili ya mteremko au barabara, hasara ni ndogo. Ukilaza jengo kaskazini–kusini, hakuna kifaa kitakachorekebisha.

Linalofuata linabishaniwa sana: korido ya vyumba pande zote mbili, au upande mmoja? Wakadiriaji hupenda pande mbili, kwani korido moja inahudumia vyumba mara mbili na paa linakuwa fupi. Nimeshapima vyumba vya pande zote mbili za korido moja alfajiri ya Julai, na wa upande wa kusini ndio waliokuwa na hita za ndoo na mablanketi dirishani. Msimamo wangu ni upande mmoja: vyumba kaskazini, korido kusini, na korido hiyo ifungwe kwa ukuta na madirisha madogo ili iwe koti la jengo dhidi ya upepo wa kusi. Kama fedha haziruhusu kabisa, basi upande wa kusini weka ngazi, vyoo, stoo, chumba cha kufulia na cha kupigia pasi. Asilale mtu huko.

Umefanikiwa kama ukisimama katika kila chumba cha kulala kwenye ramani na kuangalia nje, unatazama kaskazini.

## Hatua ya 4: Pima madirisha na vikinga-jua vyake

Kwa chumba cha mita 4 kwa 5, dirisha la kaskazini liwe na mita za mraba 3 hadi 3.5. Chini ya hapo chumba ni giza na taa zinawashwa mchana. Juu ya hapo, unachopata mchana kinapotea usiku kupitia kioo.

Kikinga-jua cha zege juu ya dirisha kitokeze sentimita 45, kikiwa sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa dirisha lenye urefu wa mita 1.2. Hesabu yake ni hii: Juni saa sita mchana kivuli kinashuka sentimita 72 chini ya kikinga, hivyo sentimita 78 za dirisha zinabaki na jua. Machi na Oktoba dirisha lote limo kivulini. Watu hutokeza sentimita 90 wakidhani zaidi ni bora. Kwa kipimo hicho umefukuza jua la Juni karibu lote.

Kuhusu fremu, epuka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Yanapitisha upepo kwenye maungio hata yakifungwa, na yakifunguliwa unapata nusu tu ya uwazi. Chagua yanayofunguka kama mlango, yenye mpira wa kuziba pande zote. Vioo viwili viwili ni ghali na sioni haja yake kwetu. Fedha hiyo ipeleke kwenye mpira wa kuziba na pazia zito.

Namna ya kujua umefaulu: siku ya upepo, washa kijiti cha ubani karibu na fremu iliyofungwa. Moshi ukipanda wima, fundi amefanya kazi. Ukiyumba, mrudishe kabla hujamlipa.

## Hatua ya 5: Funika jengo juu

Anga la Julai usiku huku ni safi, na nyota unaziona zote. Bati linalotazama anga hilo linapoteza joto mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa pumzi za watu ukilifikia unageuka maji, yanadondoka juu ya silingi, na asubuhi wanafunzi wanakuja kulalamika paa linavuja wakati mvua ya mwisho ilinyesha Mei.

Dawa ni tabaka la pamba ya nyuzi za kioo la milimita 100 juu ya silingi ya ghorofa ya juu. Kwa kipimo hicho, joto linalopotea kupitia paa linapungua hadi takriban sehemu moja ya saba ya lile linalopotea kwenye bati na silingi tupu. Hakuna shilingi nyingine katika mradi huu inayofanya kazi kubwa hivyo.

Mambo ya kusimamia mwenyewe:

Pamba ilazwe bila mapengo. Pengo la upana wa kiganja kando ya kila kenchi linafuta sehemu kubwa ya faida. Usikubali taa za kuzama ndani ya silingi, maana kila taa ni tundu. Nafasi kati ya pamba na bati ipumue kupitia matundu ya kwenye mapaa, yenye wavu imara wa kuzuia popo na panya. Mafundi wavae barakoa na glavu, kwa sababu nyuzi hizo zinawasha ngozi na kuumiza kifua.

Tahadhari. Karibu na Mafinga, ambako mbao za msitu wa Sao Hill zinapasuliwa, vumbi la mbao ni la kuokota. Utashauriwa ulimwage juu ya silingi badala ya pamba, na huko Mbarali utaambiwa utumie pumba za mpunga. Kwa bweni la watu 200 lenye nyaya zinazopita juu ya silingi, kataa. Moto ukiingia humo unatambaa ndani kwa ndani bila mtu kuuona.

Umefanikiwa ikiwa alfajiri ya Julai silingi ni kavu na haina madoa ya mviringo.

## Hatua ya 6: Kuta na sakafu

Hapa nyanda za juu zimebarikiwa. Tofali za kuchoma zipo kila wilaya, na ukuta wa tofali wa inchi 9 unapokea joto polepole mchana na kulirudisha usiku. Ukitumia tofali za saruji za inchi 5, piga plasta pande zote mbili na utegemee matokeo dhaifu zaidi. Tofali za kufungamana za udongo na saruji, zinazohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ni chaguo zuri kwa anayejali misitu, kwa kuwa hazichomwi. Ukinunua za kuchoma, ulizia zilizochomwa kwa pumba za mpunga.

Sakafu ya karibu na dirisha iwe ya rangi ya kuiva, saruji nyekundu au vigae vyeusi, bila zulia. Jua la Juni likiilalia kwa saa tano, inakuwa na uvuguvugu hadi usiku. Kuta za ndani ziwe nyeupe ili mwanga ufike nyuma ya chumba.

Chini ya zege la ghorofa ya chini usisahau karatasi nene ya plastiki ya kuzuia unyevu. Sakafu yenye unyevu haipashiki joto.

## Hatua ya 7: Acha chumba kipumue bila kupoteza joto

Watu wanne waliolala wanatoa joto la karibu wati 300 kwa pamoja. Hiyo ndiyo hita ya chumba chako, na ukifanya hatua ya 4 hadi ya 6 vizuri, haihitaji nyingine.

Lakini watu haohao wanatoa pia karibu lita moja na nusu ya mvuke kwa usiku mmoja. Wakifunga kila kitu, na Juni wote hufunga kila kitu, mvuke unatua kwenye kioo na kwenye pembe za ukuta, kisha ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Katika chumba cha aina hiyo kikohozi cha mmoja ni cha wote.

Weka matundu mawili ya kudumu yasiyofungika, kila moja sentimita 40 kwa 10, yenye wavu wa mbu: moja juu ya dirisha, jingine juu ya mlango wa korido. Yawe juu, zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni, ili hewa baridi isimwangukie aliyelala. Vitanda vya ghorofa visiwekwe moja kwa moja chini yake.

Tahadhari, na hii naomba isomwe mara mbili. Hakuna jiko la mkaa chumbani, hata dakika tano, hata "likishashika moto vizuri". Mkaa uliokolea vizuri unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hawaamki. Kila msimu wa baridi nyanda hizi zinazika watu kwa sababu hiyo. Matundu ya hatua hii hayatoshi kuokoa mtu na jiko la mkaa. Kinachookoa ni chumba chenye joto la kutosha kiasi kwamba hakuna anayefikiria kuliingiza.

## Hatua ya 8: Maji moto

Robo tatu ya umeme iko hapa, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kwanza, kataa hita za papo hapo za kwenye shawa. Ni rahisi kununua, kila bafu linapata yake, na kwenye ramani hazionekani. Kila moja inavuta kilowati 5.5 hivi. Ishirini zikiwashwa saa 12 asubuhi kabla ya vipindi, ni kilowati 110 kwa mara moja. Breka zinaruka, nyaya zinachemka, na kama chuo kiko kwenye daraja la wateja wakubwa wa TANESCO, mnatozwa pia kwa kilele hicho cha matumizi kando ya uniti zenyewe.

Pili, tumia jua, kwa sababu miezi yetu imepangwa vizuri. Juni, Julai na Agosti, maji yakiwa baridi kuliko wakati wowote, ndiyo miezi ya anga jeupe. Miezi ya mawingu ni ya mvua, Desemba hadi Machi, ambapo baridi imepungua.

Mita moja ya mraba ya paneli ya kupasha maji, kwa jua la uniti 5 kwa siku na ufanisi wa nusu, inakupa uniti 2.5. Uniti 117 ugawe kwa 2.5: unahitaji mita za mraba 47, yaani paneli 24 za mita za mraba 2 kila moja.

Tatu, gawanya mfumo. Usiweke mtambo mmoja mkubwa mwisho wa jengo. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 na urefu wa mita 20 linabeba lita 6 na ushee. Kila bomba likipoa, lita hizo zinamwagwa chini mwanafunzi akisubiri maji yapate moto. Panga mabafu yawe juu ya mabafu, ghorofa kwa ghorofa, katika nguzo nne, na kila nguzo iwe na paneli sita na tangi la lita 750 juu yake. Hizo ni lita 3,000 kwa jengo zima. Maji yakihifadhiwa kwa nyuzi 55 na kuchanganywa na ya baridi, lita 2,500 zinatosha ndoo 200. Zilizobaki ni akiba.

Tangi la lita 750 lina uzito wa kilo 750 za maji, bado chuma chake. Hapa mhandisi aseme kenchi au zege litabeba nini kabla paa halijaezekwa. Nimeona tangi likisubiri chini miezi minane kwa sababu swali hili liliulizwa mwisho.

Nne, elekeza paneli kaskazini, mlalo wa digrii 25 hivi. Kwa mlalo huo zinatazama jua la Juni karibu uso kwa uso. Mafundi wengi huzilaza kufuata bati, kwa mteremko wowote uliopo na upande wowote. Waandalie stendi. Sehemu ya chini ya tangi iwe juu kuliko ukingo wa juu wa paneli ili maji moto yapande yenyewe bila pampu.

Kwa Njombe, Makete na maeneo yenye umande unaoganda, usinunue paneli ambazo maji ya kuoga yanapita ndani yake moja kwa moja. Usiku wa anga jeupe yanaganda na kupasua mirija. Chagua mfumo wenye mzunguko wa pekee uliojazwa maji na glaikoli, ambao haugandi kwa baridi hiyo.

Tano, umeme uwe wa akiba tu. Kila tangi liwe na koili ya kilowati 6 yenye saa ya kujiwasha. Iwashe usiku baada ya saa nne, na tu kama tangi liko chini ya nyuzi 45. Ikiwaka mchana inalinyang'anya jua kazi. Kupasha lita 750 kwa nyuzi 25 kunachukua chini ya saa nne. Koili zote nne zikiwaka pamoja ni kilowati 24, siyo 110.

Sita, funika mabomba yote ya maji moto kwa mpira wa povu, yaliyo ndani ya ukuta pia, na yale ya nje yakingwe dhidi ya jua. Fundi atakwambia ya ukutani hayahitaji. Yanahitaji, kwa sababu ukuta wa kusini ni baridi usiku kucha.

Saba, punguza maji yenyewe. Shawa ya lita 6 kwa dakika inafikisha ndoo moja kwa dakika tatu na ushee. Zile za kawaida zinamwaga maradufu. Kila bafu liwe pia na bomba la chini la kukingia ndoo, maana wapo watakaooga kwa kopo daima, na ndio wanaotumia maji kidogo kuliko wote.

Tahadhari mbili. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ndani ya sekunde chache, kwa hiyo weka vali ya kuchanganya iliyofungwa kwenye nyuzi 45 kabla maji hayajafika bafuni. Na maji ya uvuguvugu yakikaa tangini muda mrefu yanakuza bakteria wa lejionela, wanaoumiza mapafu. Mara moja kwa wiki, na kila chuo kinapofunguliwa baada ya likizo, pandisha tangi hadi nyuzi 60.

Umefanikiwa kama tangi lililopimwa saa 12 jioni halijashuka zaidi ya nyuzi 5 kufikia saa 11 alfajiri bila mtu kutumia maji, na maji moto yanatoka bafuni ndani ya sekunde 20.

## Hatua ya 9: Umeme uliobaki, na jiko

Sasa, na sasa tu, zungumza kuhusu paneli za umeme. Taa na vifaa ni uniti 42 kwa siku. Kilowati 10 za paneli zinaweza kuzalisha kiasi hicho siku ya jua, ila zinazalisha mchana na wanafunzi wanatumia usiku. Ama ununue betri, ama umeme huo uende kwenye madarasa na ofisi za chuo mchana. Kama chuo kina maabara jirani, njia ya pili ni nafuu zaidi.

Kila ghorofa iwe na mita yake ndogo, na kila nguzo ya maji moto iwe na yake. Soketi mbili kwa kila mwanafunzi, karibu na kitanda, zinaondoa nyaya za kuunganisha.

Kuhusu kupika: wanafunzi watapika, ukikubali au ukikataa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na hosteli mpya haina sababu ya kubaki nyuma. Weka jiko la pamoja kila ghorofa, lenye laini yake ya umeme, dirisha kubwa, na masufuria ya presha ya umeme. Maharage yanaiva humo kwa sehemu ndogo ya umeme unaoliwa na jiko la koili, kwa sababu sufuria limefunikwa na joto halitoki.

## Hatua ya 10: Pima Julai ya kwanza kabla ya kumlipa mkandarasi fedha ya mwisho

Weka kwenye mkataba kwamba sehemu ya fedha inayozuiliwa haitoki mpaka Julai moja ipite. Vipimajoto vinne vikae wiki mbili: kimoja nje kivulini, kimoja chumba cha ghorofa ya juu, kimoja cha chini, kimoja cha pembeni kabisa mashariki au magharibi. Vyumba viwe na watu. Chumba kitupu hakina zile wati 300.

Lengo langu ni hili: nje ikiwa nyuzi 8 saa 11 na nusu alfajiri, ndani isiwe chini ya 16. Kila Jumatatu mlezi wa hosteli asome mita ndogo na kuandika kwenye daftari lililotundikwa ofisini, uniti kwa mwanafunzi kwa wiki.

Ghorofa ya juu ikiwa baridi kuliko ya chini, panda darini na taa ya mkononi ukague pamba, hasa juu ya korido na kando ya kenchi. Chumba cha pembeni kikiwa baridi peke yake, kagua fremu ya dirisha kwa kijiti cha ubani. Vyumba vyote vikiwa baridi kwa kiwango kimoja, tembea usiku saa nne uone kama milango ya korido inabaki wazi, kisha iwekee vifaa vya kuifanya ijifunge yenyewe. Na mita ya ghorofa moja ikipanda ghafla huku ya maji moto haijasogea, nenda kwenye bafu la ghorofa hiyo asubuhi, fungua bomba la moto, na uhesabu sekunde: zikizidi 20, huenda wamerudia hita za ndoo.